Kulala Porini Karibu na Malindi: Mambrui, Marafa, Arabuko-Sokoke au Barabara ya Galana?

Wengi wanaoulizia pa kupiga kambi nje ya Malindi wanataka kitu kimoja: hema, giza la kweli, hakuna lango, hakuna jenereta ya jirani, na asubuhi hakuna anayekuja na kitabu cha risiti. Hamu hiyo imekuzwa sana na video za Marekani. Kule, sehemu kubwa ya misitu ya taifa na nyanda za serikali kuu iko wazi kwa mtu kulala popote pasipokatazwa, kwa kawaida bila malipo, na kikomo kinachotumika sana ni siku 14 mahali pamoja. Mkazi wa Denver anafungua ramani, anatafuta rangi ya ardhi ya serikali, anajaza mafuta na kuondoka.

Ramani yetu haina rangi hiyo. Katiba ya 2010 imegawa ardhi ya Kenya mafungu matatu, ya umma, ya jamii na ya watu binafsi, na hata ile ya umma ikiwa ni msitu au mbuga ina shirika linaloisimamia. Hakuna pori la bure lisilo na msemaji. Ndiyo maana ninapolinganisha sehemu za kulala kuzunguka mji huu, siangalii kwanza mandhari wala kilomita. Naangalia mwenyeji: ni nani, anapatikana wapi, na kama naweza kumfikia kabla jua halijazama. Sehemu yenye mwenyeji anayeeleweka inakupa usingizi. Isiyo na mwenyeji anayeeleweka inakupa tochi usoni usiku wa manane.

Zipo sehemu nne zinazotajwa kila mara: ufuo wa kaskazini kutoka mto Sabaki hadi Mambrui, korongo la Marafa, msitu wa Arabuko-Sokoke, na barabara ya Galana inayoelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki. Hazilingani hata kidogo, na mtu akikosea kuchagua hawezi kurekebisha mambo usiku.

Ufuo wa Sabaki na Mambrui

Huu ndio wa karibu zaidi na ndio unaodanganya zaidi. Ukivuka daraja la Sabaki tu, mji umeshabaki nyuma, na mbele yako ni mchanga mpana, vilima vya mchanga, na bahari isiyo na hoteli kila hatua. Ni rahisi kusema: tusimame hapa hapa.

Anza na sheria, kwa sababu wapiga kambi wengi wana habari nusu. Ni kweli kwamba ufuo ni wa umma. Lakini Katiba inataja eneo lililo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Yaani ule ukanda ambao hakuna mtu anayeweza kukufukuza ndio ukanda ambao bahari itakufukuza. Ukipanda juu yake, penye mchanga mkavu na kivuli, umeingia kwenye shamba la mtu.

Na ardhi ya huku ina kidonda. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze kusajili ardhi ya mwambao; ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Familia nyingi za Mijikenda zilizokuwa zikilima na kuzika wazee wao hapo zikabaki bila karatasi, na wajukuu wao wamekuwa wakiitwa maskwota hadi leo. Katika mazingira hayo, mgeni anayeshuka garini na kuanza kupigilia vigingi mchangani anafanana na mpimaji aliyetumwa na mnunuzi. Watu hawatauliza kama unapenda nyota. Watauliza umetumwa na nani, na wana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo mlango wa ufuo huu ni wavuvi. Nenda bandarini wanapoegesha mashua, uliza mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, na useme neno lako wazi: "Shikamoo mzee. Sisi twatoka mjini, twaomba kulala hapa usiku mmoja, hema mbili, kesho asubuhi twaondoka. Tukae wapi tusimkere mtu?" Swali hilo la mwisho ndilo zito. Utaelekezwa kwa mwenye shamba, au utaonyeshwa mahali, na mara nyingi atapatikana kijana wa kukaa nanyi. Mlipeni bila kulazimishwa. Mambrui ni mji wa kale wa Kiislamu wenye misikiti na watu wa heshima. Pombe na nguo za kuogelea zibaki mbali na njia za watu. Na ukiambiwa mahali fulani ni pa mizimu, usijadiliane, hamisha hema.

Halafu maji. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa siku za bamvua hupita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huku kujaa kwake huangukia saa kumi na kitu, alasiri na tena alfajiri. Alfajiri ndipo umelala fofofo. Lakini ratiba hiyo hiyo inaweza kukusaidia: ukifika saa kumi alasiri siku ya bamvua utayaona maji kwa macho yako yalipofika. Tafuta mstari wa mwani na vijiti vilivyotupwa na bahari, kisha panda juu yake kwa nafasi ya kutosha, maana maji ya alfajiri yanaweza kupita ya alasiri. Kama unaweza kuchagua siku, chagua maji mafu, takriban wiki moja baada ya mwezi kuandama au baada ya kuwa mpevu. Hapo bahari haisogei sana na unalala bila hofu.

Kwenye mdomo wa mto wenyewe usilale. Sabaki una viboko na mamba. Kiboko hutoka majini jua likitua kwenda kula majani na hurudi kabla hapajapambazuka, na anayekutwa kati yake na maji yuko hatarini kuliko anavyodhani. Kaeni upande wa Mambrui, mbali na maji matamu. Mchana nendeni mdomoni na mwongozaji mkatazame ndege, ni mahali pazuri ajabu.

Ukiendelea kaskazini kuna Gongoni na mashamba yake ya chumvi, kisha Ngomeni, ambako kituo cha anga cha Waitaliano kilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Ngomeni panapendeza kwa siku moja. Kulala hapana: mikoko, mbu, na eneo la ulinzi.

Marafa

Kutoka mjini hadi Marafa kwa gari ni kama saa moja na zaidi kidogo, kutegemea barabara na mvua. Utaliona korongo la mchanga mgumu uliochongwa na mvua na upepo, weupe juu, kisha waridi, rangi ya chungwa, hadi wekundu mzito chini. Wazee wa Kigiriama wanasimulia kuhusu jamaa tajiri waliooga maziwa huku majirani wana njaa, Mungu akawadidimiza, na rangi za ukuta ni maziwa yao na damu yao.

Kwa kipimo changu cha mwenyeji, Marafa inashinda ufuo kwa mbali. Korongo linasimamiwa na jamii ya pale. Wapo watu wanaotoza kiingilio na wapo waongozaji, na hao ndio wa kuwauliza kuhusu kulala ukingoni. Hakuna kubahatisha ni shamba la nani. Ukishakubaliwa na wenyeji na mzee wa kijiji anajua mpo, habari inaenea kabla ya chakula cha jioni, na mgeni anayejulikana analindwa na kila mtu.

Kinachopatikana hapa ndicho kilicho karibu zaidi na ile hamu ya mwanzo. Giza ni giza. Sauti ni za mbuzi, baadaye za bundi. Hakuna bafu. Ila ukingo si wa kuchezea: ule ukuta unamomonyoka kila masika, na udongo unaoonekana imara unaweza kuwa umeliwa kwa chini. Hema likae mbali na ukingo, na anayeamka usiku kujisaidia aelekee upande wa pili, na tochi. Ndani ya korongo hakulalwi. Mvua ikinyesha, maji hupita humo.

Tatizo kubwa la Marafa ni ukavu. Usitegemee maji ya kijijini kana kwamba hayana mwenyewe; kina mama wanatembea kuyatafuta na kuyanunua kwa mtungi. Chukua yako mjini. Mimi nahesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupika tu, na mtungi mmoja wa ziada wa lita 20 kwa kikundi.

Kuni nazo ni vivyo hivyo. Tawi kavu lililoanguka karibu na kijiji ni chakula cha jioni cha nyumba fulani. Ukitaka moto, nunua mzigo wa kuni kwa wenyeji. Bora zaidi ni jiko dogo la gesi. Upande wa juu wa Marafa ni msitu wa Dakatcha, ambao umekatwa sana kwa ajili ya makaa, na mtu anayependa pori hawezi kwenda kulala jirani yake akiwa amebeba gunia la makaa.

Arabuko-Sokoke

Msitu huu wa takriban kilomita za mraba 420 ndio mkubwa zaidi kati ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki iliyobaki katika kipande kimoja. Unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) pamoja na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), na lango lake kuu liko karibu na Gede, kando ya barabara ya Mombasa na Malindi.

Hapa mwenyeji ana sare na ofisi. Unauliza, unaambiwa kama kuna nafasi, unalipa kwa mfumo wa serikali mtandaoni, unaonyeshwa pa kulala. Anayetaka uhuru wa kuchagua mti wake mwenyewe ataudhika, kwa sababu hema linakaa palipotengwa na moto unawashwa palipotengwa. Kuna sababu nzuri. Ndani mna tembo, na uzio wa umeme uliwekwa kuwazuia wasiingie mashambani. Askari akikwambia njia fulani haipitiki baada ya magharibi, amewaona.

Lakini pamoja na sheria zake zote, usiku wa Arabuko ni tajiri kuliko wa sehemu nyingine tatu. Ipo aina ya bundi mdogo, mwili wake ukizidi kiganja kidogo tu, anayepatikana katika misitu michache sana duniani, na huu ni mmoja wayo. Asubuhi mapema, ukikaa kimya, unaweza kumwona isanje mwenye matako ya dhahabu, mnyama mdogo anayefanana na panya, akipekua majani makavu kwa pua ndefu, kisha akatimka. Na kila upande wa msitu una sura yake: udongo mwekundu magharibi penye vichaka vizito, mchanga mweupe katikati penye mirihi mirefu yenye nafasi chini yake. Nikiwa na mtoto au mtu ambaye hajawahi kulala nje maishani, nampeleka huku bila kusita.

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini, chupa za maji za dukani zikiwemo. Beba maji kwa mtungi na chupa za kudumu. Mbu ni wengi, na siafu wapo: kabla ya kutandika, zunguka mahali pa hema na tochi ukitazama chini.

Wasio na gari hawana haja ya kufikiri mara mbili. Matatu yoyote ya Mombasa inapita Gede, na boda inamalizia. Ukibaki na muda, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 upo hapo Gede kwenye magofu. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi wa vipepeo na kuwauza wakiwa pupa, kabla hawajawa vipepeo, na hiyo ni mojawapo ya sababu za miti hiyo kuwa bado imesimama.

Barabara ya Galana

Mto uleule unaoitwa Sabaki baharini unaitwa Galana huku juu, na barabara inaufuata kuelekea magharibi hadi lango la Sala, kilomita 110 hivi kutoka Malindi. Hapa ndipo watu wanaposema "kuna pori tupu kabisa," na hapa ndipo napinga kwa nguvu zaidi.

Barabara hii inapita nchi tatu tofauti. Kwanza ni mashamba na vijiji, Kakoneni na kwingineko, penye mwenyeji wa kawaida wa kubishiwa hodi. Mwisho ni mbuga yenyewe. Kati yake ni vichaka vya ranchi, virefu, visivyo na uzio wa kuonekana. Hapo kati usilale. Mwaka 2023 ndipo makaburi ya Shakahola, ya waumini walioshawishiwa kufunga kula hadi kufa, yalipogunduliwa, upande huo huo wa ranchi ya Chakama, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Wakazi wa pale wanaishi na msiba huo. Kundi la wageni linaloingia kichakani jioni na mizigo, bila kujulikana na chifu wala mzee wa kijiji, linawatia watu hofu ya kweli, na kuwatia hofu watu walioona hayo kwa ajili ya starehe ya usiku mmoja ni ukosefu wa utu. Ongeza kwamba wanyama wa Tsavo hawasomi mpaka: tembo na fisi hutoka nje ya mbuga.

Ukitaka upweke wa upande huu, upite moja kwa moja hadi ndani ya Tsavo Mashariki. KWS ina kambi za aina mbili katika mbuga zake. Za umma zina huduma kidogo na unaweza kukuta wengine. Kambi maalumu hazina kitu, hata choo na maji, unaiwekea nafasi mapema na inakuwa yenu peke yenu. Hiyo ya pili ndiyo pori halisi katika ulinganisho huu wote. Nayo ndiyo ghali kuliko zote, maana unalipia kiingilio cha mbuga pamoja na kambi, na ndiyo inayodai zaidi: gari imara, heri mawili, maji yote, mafuta ya kutosha, na nidhamu ya kutotoka kwenye mwanga wa kambi baada ya magharibi. Simba yupo. Chakula hakilali hemani.

Misimu, na mambo ya chini

Masika, hasa Mei, yafute kwenye kalenda kwa sehemu zote nne. Arabuko inakuwa tope upande wa udongo mwekundu, ukingo wa Marafa unaloa, mto unafurika. Kuanzia Julai hadi Septemba kusi bado inavuma: Marafa na Tsavo zinakuwa na baridi nzuri ya usiku, lakini Mambrui mchanga unaingia hadi kwenye ugali. Kaskazi, Januari na Februari, ndiyo ya ufuo, bahari ikiwa imetulia. Marafa mchana wake unachoma, kwa hiyo fika alasiri na uondoke mapema.

Choo ni kipimo ambacho watu hawapendi kukitaja, ila kinatenganisha sehemu hizi vizuri. Kanuni ya wapiga kambi wa Marekani, shimo la sentimita 15 hadi 20 na mita 60 mbali na maji, inafaa Marafa na kambi maalumu za Tsavo. Arabuko uliza palipo na choo. Ufuoni kanuni hiyo haifai kabisa, kwa sababu mchanga unahama na bahari inafukua. Omba kutumia choo cha mwenyeji wako na umlipe. Ufuoni pia zima taa kubwa. Kasa hupanda kutaga kwenye fuo hizi, na watoto wao wanaoanguliwa hufuata mwanga wakidhani ni bahari.

Usitundike hema chini ya mnazi popote pale. Nazi haitoi onyo, na kuti kavu linaweza kupasua hema na kichwa kilichomo.

Ningechagua nini

Kwa usiku wa kwanza kabisa, Arabuko-Sokoke. Kwa mtu ambaye tayari ameshalala nje na anataka ile hali ya hema na giza bila kuzungushwa na ofisi, Marafa, na hapo sina shaka. Kwa kikundi chenye magari na fedha na uzoefu, kambi maalumu ya Tsavo kupitia Sala. Ufuo wa Mambrui nauweka wa mwisho ingawa naupenda kuliko zote, kwa sababu unafaa tu pale mambo matatu yanapokutana: maji mafu, kaskazi, na mwenyeji aliyekubali. Moja likikosekana, nenda mchana, ogelea, rudi mjini.

Wanaotoka Mombasa, kilomita 120 hivi, wasijaribu kufika Ijumaa usiku. Karibu saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama, na hakuna mwenyeji anayefurahia hodi ya wageni wenye hema gizani. Laleni mjini Malindi, Jumamosi asubuhi mjaze mitungi, mnunue samaki sokoni, na mfike kwa mwenyeji wenu kabla ya saa kumi alasiri.